Kuhusu Ziwa Letu Lisilofaa Kuonyeshwa Wageni

Kwako Mjomba Erasmo, ambaye leo nakuandikia kama Mwenyekiti wa Kijiji,

Shikamoo.

Kwanza nikuambie jambo ambalo hata mama halijui. Mimi Domitila, ambaye nikiulizwa jina hujibu nikiangalia viatu, huwa naimba. Naimba kwa sauti kubwa, peke yangu, kule ziwani, kabla ukungu haujapanda. Sista Vitalia amenipa zaburi ya Jumapili ya Matawi niiongoze, nami sina mahali pengine pa kujifunzia.

Sasa, mkutanoni ulisema, "Ziwa kimya hivi litatusaidia nini? Tuweke kibao barabarani na spika kubwa, wageni waje!" Watu wakapiga makofi. Nilinyoosha mkono, ila haukufika juu. Kwa hiyo naleta kwa maandishi malalamiko yangu dhidi ya ziwa lenyewe.

1. Halina wanyama. Kiboko hayupo, mamba hayupo. Yupo kambale, ambaye sote tunamfahamu kwa mkia tu, na vyura ambao hunyamaza mtu akikaribia. Anayetaka samaki aende Ngumbo, wenzetu wana Nyasa nzima yenye mbasa, usipa na mawimbi.

2. Historia yake haina hata vita. Padre mmoja wa zamani alipita na baiskeli akitoka Kigonsera, akanawa uso, akasema pazuri, akaendelea na safari. Baada yake ni kina mama wa kufua na watu wa kuchota maji ya vitalu vya kahawa. Basi.

3. Asili yake ni aibu kwa ukoo wenu. Bibi Notburga, mama yako mzazi, anasema lilikuwa ngoro. Unajua ngoro zetu za kulimia mahindi: mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, mwanamke huzifukia kwa udongo, katikati panabaki shimo. Babu yenu mmoja alipanga mraba mkubwa kupita kiasi, kisha akaenda zake kunywa pombe. Mkewe akabaki anachimba, akisubiri aombwe radhi. Alichimba kwa hasira mpaka maji yakatoka. Hajaombwa radhi hadi leo.

4. Kama ni ngoro, basi ni shamba. Kama ni shamba, ni la yule bibi aliyelichimba, na ugomvi wake na mumewe haujaamuliwa. Kijiji hakiwezi kupiga muziki kwenye shamba lenye kesi. Naomba liandikwe "shamba la mahindi, limelowa", na kibao kielekezwe Ngumbo. Spika ikiwa lazima, basi kwanza mwanamume wa ukoo aende akaombe radhi pale majini, mbele ya watu. Mkubwa ni wewe.

Nisalimie mama Joakim, Joakim mwenyewe, na wajumbe wote, hata wale waliopiga makofi.

Mpwa wako,
Domitila

N.B. Mjomba, kama huamini kwamba hakuna cha kuona, njoo kesho asubuhi. Kaa kwenye jiwe bapa karibu na matete. Ukungu ukipanda, ndege mdiria atajirusha majini, maji yatatikisika, yatatulia, na utaona milima yote ya Umatengo imelala humo kichwa chini. Ukisikia mtu anaimba, usikohoe. Pale ni pazuri kuliko Nyasa yote. Tafadhali, usimwambie mtu.