Kamera Iliyonikalisha Kwenye Magoti ya Mkwe

Buhehe,
Nyumbani kwenu, kama bado unapakumbuka.

Kwa Bwana Egesa, Mpiga Picha,
Tororo.

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo, mtoro wangu,

Kwanza nakuuliza, nani amekukata miguu? Maana Tororo si Ulaya. Jogoo wa jirani Akiror alipotea hapa akaonekana akiuzwa huko kwenu Tororo, na hakuwa na nauli. Wewe mwenye kazi ya kuuza mabomba ya maji, mwenye viatu, mwenye mifupa niliyoijenga mimi kila likizo kwa uji wa wimbi, umeshindwa. Mavuno yamepita. Muhogo umeanikwa, umekauka, umesagwa, umeliwa. Kifaranga ulichokiacha hapa sasa ni bibi kama mimi. Kila nikisikia bodaboda inapunguza mwendo pale njiani naweka maji ya ugali motoni, kumbe ni yule mwanamume wa kuuza mitumba. Namkaribisha, anakula sehemu yako. Amenenepa sana.

Sababu ya kutokuja naijua. Unaogopa kamera yako isije ikaoshwa. Nitafika hapo, usikimbie barua.

Anayeandika ni Akiror, jirani yangu mwenye mwandiko mzuri. Nimemwambia aandike nilivyosema, na nikikuita mpumbavu asibadilishe kuwa ndugu. Amesema barua ya malalamiko haitembei bila kichwa. Basi kichwa ni hiki:

KUH: OMBI LA KUITOA KAMERA YAKO KATIKA UKOO WETU

Kwa heshima na taadhima natoa malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Kwamba unaacha watu waliooga unapiga picha majani. Ulituma habari kuwa Jumamosi unakuja kupiga picha. Nikaoga. Nikavaa gomesi ya zambarau, nikafunga mshipi, nikaketi uani nikiwa nimenyooka kama mgeni wa heshima. Ukaja, ukanisalimia vizuri tu, halafu ukalala kifudifudi mbele ya jani la jimbi kwa sababu tone la maji limekaa juu yake. Ukatoka hapo ukaenda kwenye jicho la kuku. Ukatoka kwa kuku ukaenda kwenye kutu ya jembe. Jua likienda kuzama nikauliza, na mimi je? Ukasema mwanga umekwisha. Umekwishaje, na ulikuwa nao wewe mchana kutwa?

Ulichopiga kwangu ni visigino. Ukaniambia nyufa zake zina hadithi. Egesa, zina vumbi. Na nimesikia wenzako wa kamera huko Tororo waliviona visigino hivyo kwenye simu, mmoja akauliza ni ziwa gani hilo limekauka.

2. Kwamba uliniharibia mkebe wa chumvi. Uliutoboa kwa msumari, ukaweka karatasi ndani, ukaufunga juu ya ghala langu, ukasema uachwe hapo msimu mzima, jua litajichora lenyewe. Watu wakaanza kupita mbali na boma langu. Nikawa naeleza kila mtu kwamba si dawa, ni mjukuu. Ulipoufungua, nyigu alikuwa amejenga humo na kuzaa. Badala ya kumfukuza, ukampiga picha. Huyo naye hakuoga.

3. Kwamba ulijifanya maiti pale Busia. Mtu mzima, mwenye suruali ya kanisani, unalala kando ya barabara ya malori, shavu kwenye matope, ati unatafuta malori yanavyoonekana ndani ya dimbwi! Mtu aliyekujua akapita, akaona miguu yako, hakuona kamera. Habari ikapanda bodaboda ikanifikia kabla yako. Mimi nikapiga yowe. Yowe langu unalijua, halina kikomo. Wanawake wakaja wakiwa na unga mikononi, tukakulilia, tukataja mambo yako mazuri, na pale yalipopungua nikabuni mengine. Katikati ya kilio maiti ikaingia langoni na miguu yake, imejaa tope, ikasimama. Nilitegemea ipige magoti iombe msamaha. Ikatuomba tusisogee, mwanga ni mzuri. Ukatupiga picha tukiwa tunakulilia! Benedeta, aliyeacha ugali wake ukaungua ili aje akulilie, amesema siku utakayokufa kweli atamaliza kupika kwanza.

4. Kwamba umenikalisha kwenye magoti ya mkwe.

Hapa Akiror ameweka kalamu chini akaniuliza kama kweli niko tayari jambo hili liandikwe. Andika, dada.

Kwa kuwa ulikulia mjini nitakueleza kama mtoto. Okurut, mume wa shangazi yako Taaka, ni mkwe wangu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, wala kivuli kimoja. Akija hapa anakohoa tangu kwenye migomba, mimi naingia ndani, yeye anaketi upande wa nje, tunasalimiana kupitia ukuta. Hiyo ndiyo heshima. Tumeishi hivyo tangu amwoe Taaka na hatujawahi kugombana, maana utagombanaje na mtu ambaye hujamwona?

Sasa ukaenda kwao Sop Sop na majaribio yako. Ukampiga picha Okurut ameketi kwenye kiti chake. Mwenyewe ulinieleza kwamba uliitengeneza kamera iweke picha mbili juu ya moja, ili mti uwe ndani ya mtu na mtu awe ndani ya mti. Sawa. Lakini ukasahau kuifunga hiyo hila yako, ukaja nayo hivyo hivyo mpaka kwangu. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, ukanipiga mimi mzima, nimeketi. Na uso wangu ukiwemo!

Ndipo yule mkwe akatokea chini yangu.

Amekuwa kama moshi, na mimi nimekuwa kama moshi, lakini moshi mmoja umekaa kwenye magoti ya moshi mwingine, wote meno nje. Na wewe hukuona aibu. Ukaona uzuri. Ukaituma kwenye simu ya Akiror, ukaituma kwa Okurut mwenyewe, kisha ukaisafisha kwenye karatasi kubwa ukaniletea kama zawadi! Okurut aliifungua akiwa msibani, mbele za watu. Wanasema alisimama, akaondoka bila kofia, akapita katikati ya shamba la mtama la watu mpaka kwake, na hajasema vizuri tangu siku hiyo.

5. Kwamba wazee wamekaa. Walikaa kwenye chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, mirija mirefu ikiwa midomoni, wa upande wetu na wa upande wao. Wa kwetu mmoja akajaribu kukutetea, akasema moshi hauna magoti. Imalingat, mzee wa kwao, akatoa mrija mdomoni akasema kama hauna magoti, basi mwanamke huyo amekalia nini? Wakanywa. Mwingine akasema picha huchukua muda wa kupepesa jicho tu, hakuna kosa la muda mfupi hivyo. Imalingat akamwuliza nzi akianguka kwenye pombe hukaa muda gani kabla haijawa na nzi.

Wakaamua hivi. Picha ichomwe. Na kamera, kwa kuwa ndiyo iliyotuunganisha, ioshwe kama anavyooshwa mtu aliyekosea wakwe: iwekwe kwenye kigoda, imwagiwe kibuyu cha maji ya majani, ndani na nje. Mpaka siku hiyo Okurut asikanyage hapa, wala mtu yeyote anayekula chungu kimoja naye.

6. Kwamba anayekula chungu kimoja naye ni Taaka. Hili Akiror aliandike kwa herufi nzito. Binti yangu haji. Watoto wake walikuwa wanakuja kila likizo wanapanda juu ya ghala, wananivunjia vibuyu, wananiita Kukhu kwa sauti ya kuamsha wafu. Likizo hii vibuyu vyote ni vizima. Sivitaki.

7. Kwamba jambo linakua. Akiror alikuwa na namba yangu na ya Okurut ndani ya simu moja. Imalingat akasema kama picha ni kiti, basi simu ni kitanda, na sisi wawili tumelazwa humo usiku na mchana. Namba ya Okurut ikatolewa. Jumapili katekista alipoombea ukoo wetu alitaja jina langu na la Okurut kwa pumzi moja, watu wakaguna. Ameambiwa siku nyingine akohoe katikati. Sasa kuna anayeuliza kama mvua inyeshayo kwao asubuhi ikifika kwangu jioni imetuogesha pamoja. Usiponiokoa, Egesa, hawa watu watazuia mvua, na muhogo ujao utakufa kwa sababu ya kamera.

Hivyo basi, kwa unyenyekevu wote, naomba yafuatayo. Kwanza, uje. Pili, uje na hiyo kamera ioshwe ndani na nje, na ikifa ife, tutailia, wanawake tayari wana mazoezi. Tatu, uifute ile picha kila mahali ilipo, hata huko hewani mnakoziweka. Nne, kuanzia leo usipige tena picha ya binadamu. Piga ng'ombe. Na hata ng'ombe, ulizia kwanza kama yule dume hakuoa kwa yule jike mzee.

Nisalimie mwenye nyumba unayopanga. Nisalimie mama anayekuuzia chai asubuhi, mwambie sukari aipunguze, huyo mtoto ana meno ya baba yake. Salimia na Mwamba wa Tororo, ambao umeupiga picha mara nyingi kuliko bibi yako, nao haujawahi kukupikia. Akiror anakusalimu. Benedeta anakusalimu kwa mbali. Mwenye mitumba ameuliza hali yako huku anatafuna. Nyigu yuko, amepata wajukuu, na wake wanamtembelea.

Ni mimi bibi yako ninayekupenda kwa mikono miwili, mmoja una fimbo,

Kukhu Nerima
(kidole gumba changu hicho hapo, ni cheusi kwa wino, si kwa uchafu)

T.B. Akiror alikuwa ameshafunga bahasha. Nimemwambia aifungue.

Ile picha usiifute.

Hiyo kubwa iko chini ya godoro langu, imelalia uso kama wazee walivyoagiza, ikisubiri siku ya kuchomwa. Lakini godoro lazima ligeuzwe, na anayegeuza godoro huona kilichopo. Nimeona. Miaka yote hii Okurut namjua kwa mgongo, kwa viatu na kwa kikohozi. Mabati haya yaliyo juu ya kichwa changu aliyaleta yeye, akayashusha langoni akaondoka, nikamshukuru kupitia mtoto. Sikujua ana mwanya. Sikujua nyusi zake zimekutana. Ameinamisha kichwa kidogo, Egesa, kama mtu aliyemaliza kusimulia kichekesho, na mimi nimecheka kama niliyekisikia. Mimi najua nilicheka kwa sababu ulikuwa umekanyaga mavi ya bata. Yeye alicheka nini sijui. Lakini ukitutazama utasema tumezungumza.

Na Taaka amenipenyezea neno kwa simu ya mtu mwingine: Okurut aliwaapia wazee kwamba amefuta, naye hajafuta. Alimwuliza Taaka, kumbe mama hucheka hivi?

Kwa hiyo ukija fanya hivi, na usimwambie mtu. Safisha nakala nyingine ya kuchoma, hii yangu haichomwi. Kamera yenyewe iache kwa Akiror, ndani ya pipa la mahindi. Mbele ya wazee leta ule mfuko wake mweusi tu. Nimeshapeleka jogoo kwa Imalingat, na maneno pamoja na jogoo: mtu akioga huosha ngozi, hapasuliwi tumbo, na mfuko ndio ngozi ya kamera. Amefikiri, ameangalia jogoo, amesema ni kweli. Mfuko ukishaoshwa Taaka na watoto wataingia siku hiyo hiyo, wameshafunga mizigo.

Halafu mwanga wako ukiwa haujatoroka, nipige mimi nikiwa upande huu wa picha, uache ule mwingine mtupu. Kesho yake nenda Sop Sop umpige Okurut upande ule mwingine, kwenye kiti chake mwenyewe. Utuunganishe tena. Ila safari hii katikati yetu pabaki nafasi ya kulala ng'ombe mmoja, aliyenyoosha miguu, ili hata Imalingat akija na kamba apime asipate neno. Mimi nitavaa viatu, usihangaike na visigino. Okurut mwambie avae shati jeupe na aketi kwa adabu, lakini usibonyeze mpaka acheke.