Mazishi ya Muhogo wa Simbo

Wananchi wote wa Kigoma mnatangaziwa kwamba Kamati ya Uhamiaji wa Mimea imemaliza tatizo la muhogo mkimbizi kwa asilimia mia moja. Tangazo hilo nililiandika mimi, Dismasi, katibu wa Kamati, na nililibandika kwa mkono wangu. Leo naandika maelezo ya nyongeza, kwa kuwa asilimia zimepungua kidogo.

Mkumbuke mwaka ule. Kambi zilijaa Warundi, mitumbwi ya Kongo ilishusha watu kila siku, na kila ofisi inayojiheshimu ilikuwa na kamati ya wakimbizi. Sisi wa kilimo hatukuwa nayo. Iliuma, sifichi. Ndipo tukasikia kwamba kijijini Simbo yuko mama mmoja, Dokta Honorata, mtaalamu wa mimea, aliyechukua jeni ya mmea wa mbali akaitia ndani ya muhogo wetu ili usiugue batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kudumaza mizizi. Miaka kumi na mmoja alihangaika. Mashina mengi yalimfia, yakabaki kumi na mawili tu, mazima, ya majani mapana.

"Kwa hiyo ndani ya muhogo kuna mgeni," alisema Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Abdulmajid, mzaliwa wa Ujiji.

"Ni jeni moja tu, Mheshimiwa, kati ya maelfu," alijibu Dokta, tulipomwita mbele ya Kamati.

"Imeingia kwa kibali?"

Tukampa fomu aujazie muhogo wake. Swali la kwanza: Babu yake alizaliwa wapi? Dokta akaandika: Maabara. Tukajua huyu mama ana dharau.

Kanuni nilizitunga mimi, nikazibandika getini kwetu. Mahali palipoota mmea mgeni ni kambi. Akaaye kambini haendi zaidi ya kilomita nne bila kibali. Kibali husainiwa na mjumbe wa Kamati asiyekaa kambini. Dokta naye tulimfanya mjumbe, maana wafadhili walitaka mtaalamu, ila mjumbe asiye na haki ya kusema. Tangu hapo, kwa kuwa alikaa shambani kwake, hata dagaa wa sokoni Kibirizi Dokta alikuwa akiwafuata kwa kibali chetu.

Mvua zilipokaribia, Kamati ikaamua muhogo uangamizwe. Dokta alilia mbele yetu.

"Niachieni hata shina moja," alisema. "Simbo nzima muhogo umekunjamana. Watu watakula nini?"

Mwenyekiti akamkumbusha kuhusu haki ya kusema.

Kazi ikawa namna ya kuuangamiza. Tukiuchoma, moshi ungevuka mpaka. Tukiutupa ziwani, ungefika Kongo ukatuletea kesi. Tukaazimia kuukata na kuuzika mjini, ndani ya uzio wa ofisi, ambamo sisi wajumbe tuna nyumba zetu, tuulinde wenyewe. Panga alipewa Selestini, mgambo wetu, mkulima wa Kalinzi.

"Nikate vipande vya urefu gani, mzee?"

"Shibiri moja," alisema Mwenyekiti. "Visije vikaungana tena."

"Ego," Selestini akaitikia kwa Kiha. "Niviachanishe vipi?"

"Mita moja moja. Sitaki vinong'onezane."

"Nivilaze, au?"

"Viinamishe kidogo. Kwa heshima."

Selestini akamtazama Dokta. Dokta akafungua mdomo.

"Huna haki ya kusema," nikamwambia.

Akaufunga. Machozi yalikuwa yamemkauka, nikadhani ni uchovu. Tukaziba mianya ya uzio mbuzi wasiharibu ushahidi, na jioni ile ile mvua ya kwanza ikanyesha.

Wiki ya tatu makaburi yote tisini na sita yalikuwa na majani. Kumbe muhogo hupandwa hivyo hivyo, kwa kukatwa na kufukiwa. Mtaalamu tulikuwa naye na hakutuambia.

Habari ikafika wakati mbaya. Mwenyekiti alikuwa ameitwa Dar es Salaam kuvishwa nishani ya kuuangamiza muhogo ule, na uwanja wa ndege uko kilomita tano. Getini Selestini akasimama.

"Samahani, mzee. Humu sasa ni kambi."

"Nani kasema?"

"Katibu. Amebandika hapa."

Wajumbe wote tulikuwa wakaazi wa kambi. Aliyebaki huru alikuwa mmoja, yule ambaye shamba lake tulilisafisha wenyewe. Dokta alikuja kwa pikipiki, na dagaa wake wa Kibirizi, bila kibali cha mtu. Alipita kwenye matuta akigusa jani moja moja, anacheka huku analia. Nje ya uzio watu wa Simbo walikuwa wameshafika kuomba pingili za msimu ujao, kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema.

"Marahaba, Dokta. Hebu weka saini hapa, ndege inaniacha."

Dokta akaonyesha mdomo wake, kwamba hana haki ya kusema. Kisha akatoa mkobani fomu yetu, safi, haijajazwa, akampa na kalamu.

Babu yake alizaliwa wapi?

Ujiji nzima inajua kwamba babu yake Mwenyekiti alivuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Kongo. Mwenyekiti aliitazama fomu mpaka ndege ikapita juu yetu. Halafu akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaruhusiwa kuandika Maabara.