Diski Pacha za Kisesa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku kubwa! Mzee Shigela, mkuu wa kituo chetu cha nyimbo za asili hapa Kisesa, katangaza: diski pacha za kompyuta yetu zitenganishwe. Kila wimbo umo kwenye zote mbili. Moja ibaki, nyingine iende ofisi mpya Ilemela. Atakayeipeleka ndiye mkuu wa huko. Yaani mimi. Fundi wetu Kokushubira anadai zikaguliwe kwanza, wimbo kwa wimbo. Siku mbili! Pacha ni pacha. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: kuichomoa diski ya pili Kokushubira akienda kula. Hakwenda. Kaja na ndizi zake, kala palepale. Nikamwambia anaitwa getini. Akajibu getini wana namba yake.
Nikabaki natazama kioo cha kompyuta. Nyimbo elfu kumi na moja! Zinapita mojamoja, mashine inalinganisha bila kupumua. Sikujua tumetunza watu wengi hivyo. Nilisahau kufunga mdomo.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nyimbo arobaini hazifanani! Mara akaingia Bibi Modesta, kaja kusikiliza wimbo wa marehemu mumewe, manju Machibya. Nikamwamkia shikamoo, nikawahi kumfungulia mimi, nionekane. Diski ya pili. Mkwaruzo mtupu! Bibi akainamisha kichwa. Na hiyo ndiyo niliyotaka kuondoka nayo.
Kokushubira akafungua diski ya kwanza. Sauti ikajaa chumba kizima. Bibi akasimama, akaitikia kiitikio mpaka mwisho.
“Ndiye,” akasema. “Hata kikohozi ni chake.”
Mwili ulinisisimka. Hadi sasa.

Alhamisi, 6 Machi
Kokushubira kaitoa diski mbovu, kaweka mpya, kanakili zote, kakagua tena. Tofauti: sifuri. Nilivua kofia. Sifuri nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na shuleni nilipata nyingi. Ndipo akazima mashine, akazitenganisha. Mkuu wa Ilemela: Kokushubira. Mimi msaidizi.

Jumamosi, 8 Machi
Rwehumbiza, mwalimu wa kwaya huko Butimba, kaniita nitenganishe diski pacha za kwaya yao. Nikamsimulia maajabu ya ukaguzi saa nzima. Kashangaa mno! Akauliza nitaanza lini kukagua za kwake. Nikamwambia zake hazina haja: nimezitazama kwa macho, taa zote kijani.
Nimechomoa moja mashine ikiwa inawaka. Imelia kidogo. Labda imefurahi.