Wilaya Isiyovuja

Jumatatu, 6 Novemba

Barua ya ofisi ya kanda imefika. Nimeifungua kwa kisu cha siagi, nisiichane. Tumekuwa wa kwanza tena! Wilaya ya shule ya Alder Falls, shule tatu, wanafunzi mia sita, haijavujisha taarifa ya mtoto hata mmoja kwa miaka mitano. Mkuu wa wilaya, Dakta Haugland, amenipa mkono mbele ya watu. Nimetabasamu. Moyoni nimelia.

Kwa sababu chini ya barua imeandikwa: "Hakuna haja ya ukaguzi." Na chini yake, sahihi. L yenye mkia mrefu. Lenore Kangas.

Niandike wazi, maana shajara hii ina nywila ya herufi ishirini na sita na hakuna atakayeisoma. Mimi, Orrin Tveit, miaka hamsini na mbili, mlinzi wa kompyuta na siri za wanafunzi, nampenda mkaguzi wa taarifa wa kanda. Tumeonana mara moja tu. Mjini Duluth, mafunzo ya siku mbili, miaka miwili iliyopita. Alikaa jirani yangu mezani, akanywa supu yangu ya mchele-mwitu kwa sababu yake ilikuwa imepoa. Akasema kama wote wangekuwa kama mimi, yeye angebaki nyumbani.

Na kweli anabaki nyumbani! Yeye huenda palipoharibika. Huenda Stony Bend kwa Dwayne Rusk, mwenzangu wa wilaya ya jirani, ambaye mwaka huu amepoteza laptopu tatu. Moja aliiweka juu ya paa la gari, akaondoka. Lenore amekwenda kwake mara nne. Mara nne! Dwayne amenipigia kunipa pongezi. Kasema mama yule anapenda sana donati za mdalasini. Nimekata simu.

Nahitaji kuvuja. Kidogo tu. Kuvuja safi, kusikomdhuru mtu.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango ni huu. Orodha ya wanafunzi kumi na wawili ambao hawajawahi kuzaliwa. Nimewapa majina ya shangazi zangu marehemu, namba za simu zisizoita, na alama nzuri za hesabu, kwa sababu walikuwa wanawake wenye akili. Nimeiacha juu ya mashine ya fotokopi, korido kuu, saa nne asubuhi. Mtu ataiona. Ataripoti. Sheria inasema orodha ikionekana na macho yasiyostahili, mkaguzi anakuja.

Dakika nne! Bi Verna Stordahl, karani wetu, ameikuta, ameiingiza kwenye mashine ya kukatakata karatasi, kisha amekuja ofisini kwangu kuninong'oneza. "Usiwe na wasiwasi, Orrin mwanangu. Hakuna aliyeona. Hata mimi sikusoma, nilifumba macho."

Alifumba macho. Mimi ndiye niliyewafundisha kufumba macho.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeandika nywila yangu kwenye karatasi ya njano, kwa kalamu nene nyekundu, nikaibandika kwenye skrini ya kompyuta yangu. Mlango wazi. Nikaenda kunywa kahawa, nikanywa polepole kama mgonjwa.

Niliporudi, foleni. Mwalimu wa michezo, mpishi mkuu na mwalimu wa muziki, wote wamekuja kuniripoti kwangu mwenyewe. Dakta Haugland akacheka mpaka akashika mlango. "Jamani, huyu bwana anatupima! Na tumefaulu!" Alasiri wameniletea keki. Juu yake wamechora kufuli kwa sukari.

Nimekula viazi vya kuoka peke yangu, na keki. Theluji ya kwanza inaanguka. Nimeisoma tena barua ya Jumatatu. "Tunakushukuru kwa ulinzi wako." Kuna jinsi ya kusoma maneno hayo polepole, ukisimama kidogo kabla ya "wako", mpaka isikike kama mwisho wa barua ya mapenzi.

Ijumaa, 10 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Mpango wa tatu ulikuwa barua pepe kwa wazazi wote, mia tatu na arobaini, kuhusu kufungwa kwa shule sikukuu ya Shukrani. Na ndani yake, "kwa bahati mbaya", kiambatisho. Orodha ya mashangazi. Aibu kidogo, madhara sifuri, ukaguzi wa lazima.

Nilikuwa nachagua faili Dwayne alipopiga simu. Kasema Lenore anakuja kwake Jumatatu, mara ya tano, na safari hii amemwuliza mgahawa gani mzuri Stony Bend. Alikuwa anatafuna kitu. Nikaona giza. Nikabofya faili, nikabofya Tuma, nikamwambia mimi nina kazi, sina muda wa porojo.

Halafu nikatazama.

Haikuwa orodha ya mashangazi. Ilikuwa orodha ya mabasi. Watoto mia mbili na kumi na wanne, wa kweli, majina, nyumba, kituo, saa.

Na mstari wa themanini na tisa. Nell Bassett, miaka saba. Mama yake, Corinne, alihamia hapa Agosti akimkimbia mwanamume ambaye mahakama imemkataza kumsogelea. Anwani yao imefungwa. Katika wilaya nzima wanaijua watu watatu: mimi, Bi Verna na dereva wa basi. Mimi ndiye niliyeifunga, kwa mkono wangu. Sasa nimewapelekea watu mia tatu na arobaini.

Nilijaribu kuirudisha. Kwa wazazi ambao ni walimu wetu, wenye anwani za shule, ilirudi. Kwa wengine hairudi, barua ikishaondoka imeondoka. Nikampigia polisi wa kaunti. Nikamwambia Bi Verna. Hakunigombeza, alivaa koti tu. Tukaenda pamoja kwa Corinne, yeye akiendesha kwa sababu mimi nisingeweza.

Corinne anaoka mikate dukani. Alifungua mlango akiwa na unga kwenye kiwiko. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Alivuta sanduku kutoka chini ya kochi, akaanza kukunja nguo za mtoto. Sanduku lile lilikuwa karibu mno na mkono wake.

"Hii ni mara ya nne nahama," akasema. "Hapa ndipo mwanangu ameanza kuimba akioga. Umenisikia? Kule kwingine alikuwa anaoga kimya."

Nikasema nimesikia.

"Nani aliyeituma?"

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

Nikasema ndiyo. Nimeandika neno hilo na nimelitazama. Si kweli yote.

Bi Verna akachukua zile nguo mikononi mwake, taratibu, akaendelea kuzikunja yeye. Akamwambia, "Mwanangu, huendi barabarani na theluji hii. Kwangu kuna chumba cha chini, kina kitanda na mlango wa chuma, na polisi ni shemeji yangu. Kaa kwangu mpaka tujue moja." Corinne akamwita mtoto.

Mimi nilibeba sanduku. Hakuna aliyeniomba.

Jumapili, 12 Novemba

Siku mbili za simu. Mimi na Bi Verna, mezani kwake jikoni, tukigawana majina. Tafadhali usifungue. Tafadhali futa. Tafadhali niambie ukishafuta. Jana ulifunguliwa rasmi msimu wa kuwinda kulungu, mji mzima uko porini, na porini hakuna mtandao. Sijawahi kuwashukuru kulungu hivi! Watu thelathini na wanane tu ndio walioifungua. Wote tumezungumza nao. Mama mmoja amelia kuliko mimi.

Kati ya waliobaki, wawili hawakupatikana kwa simu. Nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa, nisipigwe risasi, nimekwenda kuwatafuta msituni kwa miguu. Wa kwanza nilimkuta juu ya mti. Alinitukana kwa sababu nilimfukuzia kulungu mwenye pembe za ncha kumi, kisha akashuka, akafuta mbele yangu. Wa pili alikuwa amelala, nikamwamsha, naye akafuta.

Mia tatu na arobaini, wote wamefuta. Polisi wanasema yule mwanamume yuko Arizona na hajasogea.

Nimemsikia Nell chini, bafuni. Maji yalikuwa yanatiririka. Hakuimba.

Jumatatu, 13 Novemba

Amekuja.

Ameiacha Stony Bend, amekuja kwangu. Koti la kijani, theluji mabegani, faili kwapani. Miaka miwili nimeisubiri siku hii, nimepanga hata kikombe atakachonywea. Nikashindwa kumtazama usoni.

Aliuliza maswali kwa sauti ya chini. Saa ngapi, faili gani, nani aligundua. Nilijibu vizuri, mimi ni mjuzi wa kujibu. Kisha akaangalia kompyuta yangu.

"Bwana Tveit, hawa watoto kumi na wawili ni wa shule gani? Gudrun, Borghild, Alfhild... Wote wana alama mia ya hesabu."

Nikasema hawapo.

"Hawapo leo?"

"Hawapo duniani. Niliwatunga. Hao ndio niliotaka kuwatuma."

Akaweka kalamu chini. Akauliza kwa nini.

Ningeweza kusema mafunzo. Ningeweza kusema majaribio ya mfumo. Nilimwona Corinne mawazoni, na lile sanduku. Nikasema, "Ili uje."

Nje basi la shule lilipita. Alitazama dirishani mpaka likamaliza kupita. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na sikujua ni hasira au ni nini.

"Ungepiga simu tu, Orrin," akasema. Orrin! "Namba yangu iko chini ya kila barua niliyokuandikia. Ungesema, njoo tunywe supu. Ningeendesha saa mbili na nusu kwa supu." Kisha akachukua kalamu. "Sasa siwezi. Sasa wewe ni faili langu. Mkaguzi hakai meza moja na faili lake, wala hali nalo."

Akamaliza kuandika. Akaenda kuzungumza na Corinne, akakaa naye saa nzima. Akaondoka bila kunywa kahawa. Kikombe nimekiosha ingawa hakikutumika.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimemwambia Corinne ukweli wote. Ilibidi. Nilimkuta dukani, nyuma ya mikate. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kisu cha kukatia mkate, akauliza kama nimemaliza. Akasema hanisamehe. Akasema pia hahami, kwa sababu Nell amemwambia anataka kukaa kwa Bi Verna mpaka majira ya kuchipua, kuna paka. Akanipa mkate wangu na chenji, akamwita anayefuata.

Dakta Haugland hajanifukuza. Kasema angenifukuza leo hii, ila hakuna mwingine anayejua nywila za seva, na katikati ya Novemba hakuna mtu atakayehamia Alder Falls kwa hiari. Kuanzia sasa sitatuma barua pepe kwa wazazi. Naandika, Bi Verna anasoma kwa miwani yake miwili, ndipo yeye anabofya. Picha ya keki ya kufuli imeondolewa ukutani.

Naona ni haki. Nimelala mapema.

Jumatatu, 20 Novemba

Uamuzi wa ofisi ya kanda umefika. Wilaya yetu imeshuka kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, chini ya Stony Bend. Dwayne amenipigia. Hakunicheka, ameniuliza kama nataka donati. Hilo limeuma zaidi.

Adhabu yangu: mtihani wa faragha ya wanafunzi, maswali arobaini, kwenye kompyuta. Anayepata thelathini na mawili amefaulu. Chini, kwa kalamu, kwa mkono wake, ameandika: "Faili litafungwa siku utakayofaulu. Fanya haraka, tafadhali. L."

Nimeisoma mara nyingi. Ukali ulioje! Fanya haraka, yaani amenichoka, anataka faili litoke mezani kwake. Namwelewa. Nastahili.

Lakini sasa, nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo sana ambazo hakuna anayezisoma isipokuwa mimi! "Atakayeshindwa mtihani atafundishwa ana kwa ana, Duluth, kwa siku mbili, pamoja na chakula cha mchana. Mkufunzi: L. Kangas."

Siku mbili. Chakula cha mchana.

Bi Verna aliniona nikitabasamu, akaniomba barua. Akasoma mbele, kile kilichoandikwa kwa mkono. Akanitazama juu ya miwani yote miwili. "Orrin mwanangu, umesoma alichokuandikia huyu mama? Umekisoma kwa makini?" Nikamwambia nimesoma pande zote mbili. Akasema nenda kafanye huo mtihani sasa hivi, leo hii, usingoje hata chai, mwanangu, na ufaulu. Nimeguswa. Ana haraka kuliko mimi.

Nimejifungia ofisini. Majibu yote nayajua, mengine niliyaandika mimi mwenyewe mwaka ule ofisi ya kanda ilipoomba msaada. Swali la kwanza: Je, unaweza kumpa mwenzako nywila yako? Nimechagua: Ndiyo, kama anaonekana mtu mzuri. Swali la pili: Anwani za wanafunzi zihifadhiwe wapi? Nimechagua: Mahali popote penye nafasi. La tatu nilibonyeza jibu sahihi kwa mazoea, nikawahi kulifuta.

Nimepata sifuri kati ya arobaini. Mashine imeniuliza kama nina hakika. Nimebofya Tuma.

Darasa linaanza tarehe kumi na tano Aprili. Miezi mitano tu! Nimekwenda kununua shati.