Malalamiko Kuhusu Kichwa cha Bomba Kilichopewa Kazi ya Bibi

Malindi, Lushoto
Jumapili ya Julai, baada ya ibada

Kwa Ndugu Kornelio,
Mchaguzi Mkuu wa Vichwa vya Mabomba ya Mvua,
Dar es Salaam.

YAH: KICHWA CHENYE MATUNDU MIA MBILI KUNINYANG'ANYA KAZI

Marahaba, mwanangu. Naitikia hapa ile shikamoo ya Alhamisi, maana kwenye simu uliniambia "Shikamoo mama, nipo kikaoni," ukakata kabla sijafungua mdomo. Nimeona nikuandikie. Karatasi haina kikao. Nimeweka na namba kama Mzee Ismaili, mwenyekiti wetu wa kamati ya maji, anavyoweka kwenye mihtasari yake, ili usije ukaruka pale panapokuuma. Mwandiko umepinda, usiulize, ni meza.

Mimi niliishia darasa la nne, unajua. Wewe ulisoma mpaka ukavaa joho na ile kofia bapa kama sinia. Kwa hiyo uliponiambia umekaa wiki tatu ukichagua kichwa cha bomba la mvua la bafuni kwangu, unalinganisha chenye maji mengi na chenye maji machache, cha duara na cha mraba, nilijua elimu haijapotea bure. Wiki tatu! Baba yako alinichagua mimi siku moja sokoni Mlalo, kati ya saa nne na saa sita, na tukakaa miaka thelathini na moja mpaka alipotutoka. Wala hakuwahi kusema angetaka chenye matundu mengi zaidi.

Haya, malalamiko ni haya.

1. Sikuulizwa. Yule fundi, Januari, alifika asubuhi na pikipiki, boksi amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akaniambia nitoe ndoo zangu bafuni. Ndoo zangu! Ile ya bluu nilikuogeshea wewe, ulikuwa unaenea humo na miguu yote. Nikamuuliza, kwa amri ya nani? Akasema, kwa amri ya mkubwa. Mkubwa gani? Kornelio. Nilikaa kwenye kizingiti nikacheka mpaka nikakohoa. Mkubwa! Mtu ambaye mpaka darasa la tano alikuwa anaosha uso tu halafu anasema ameoga.

2. Baridi. Huko kwenu maji baridi ni starehe, mtu anatoka bafuni na jasho limeshamrudia. Huku ni Julai. Ukungu unaingia jikoni bila hodi, unakaa, unaota moto na sisi. Hita ya sola uliyoniwekea juu ya bati inalitafuta jua tangu asubuhi kama mtu aliyepoteza mbuzi, ikilipata saa nane inatuchemshia maji kidogo. Na hayo kidogo, kichwa chako kinayamaliza kabla sabuni haijafika magotini. Nimekipima, usidhani nasema tu. Ndoo ya lita ishirini inajaa kabla sijamaliza Baba Yetu, na mimi sisali taratibu. Maji ya moto yakiisha yanakuja yale ya chemchemi, yaliyolala msituni usiku kucha. Siku ya kwanza nilipiga ukelele, mbuzi wa jirani Klara wakaitikia. Mimi kwa ndoo moja na kopo naoga mwili mzima, nafua soksi, na yanayobaki namwagia maua. Huo ndio ustaarabu niliokuwa nao kabla hujaniletea maendeleo.

3. Jirani. Hapa naomba ukae chini. Ulichagua chenye maji mengi kwa sababu huko Dar maji yanatoka kwenye bomba kama machozi ya mtu asiye na msiba. Umesahau ulikozaliwa, Kornelio? Nyumba yetu ndiyo ya mwisho huku bondeni. Maji yanatoka kwenye tangi kule juu msituni, yanapita kwa mchungaji, yanapita kwa Klara, yanashuka kwangu kwa kishindo chake yenyewe, hayahitaji kutiwa moyo na mtu aliyesoma. Nikifungua hicho kichwa chako, bomba la Klara linakohoa mara mbili, linanyamaza. La mchungaji nalo kimya. Maana yake ni kwamba mama yako akioga, mlima mzima unajua. Klara anasimama kwenye ukingo wa shamba lake na sufuria mkononi, anaita mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia: "Mama Kornelio! Bado uko kichwani au umefika miguuni? Nina maharage hapa!" Jumapili moja kanisani mzee mmoja wa usharika kaniuliza kwa heshima zote, "Jana uliogaoga sana mama, kuna safari?" Na Jumanne ile niliyooga mara mbili kwa ajili ya udongo wa viazi, watu watatu walishuka kuja kuuliza nani amefariki.

Kamati ikakaa. Nimeona kwa macho yangu kwenye karatasi ya Mzee Ismaili: Ajenda ya tano, kuoga kwa Esteria. Wakajadili. Wakanyoosha mikono. Sasa nimepangiwa Jumanne na Jumamosi, saa nane kamili mpaka saa nane na robo. Nina miaka hamsini na tisa. Sijawahi kupigiwa kura ya kitu chochote maishani, nimekuja kupigiwa ya makwapa.

4. Kimefungwa chini. Mimi mfupi kinanipiga begani. Jesca mkeo ni mrefu kama mkaratusi, kitampiga mbavuni, na kuosha nywele itabidi apige magoti kama anaungama. Kama ndivyo mnavyopima vitu huko kazini kwenu, nawaonea huruma wanaokaa kwenye ghorofa mnazojenga. Na tukiwa kwenye vipimo, gauni langu liko wapi? Pasaka ulinisimamisha mlangoni ukanipima toka sakafuni mpaka begani, ukasema ni la ubatizo wa mjukuu. Nilishangaa gauni gani linapimwa kwa futi ya chuma ya fundi seremala, nikasema moyoni labda ndiyo mtindo. Julai hii. Sijaona hata kifungo.

5. Sasa tumefika. Uliniandikia kwenye simu, nimeihifadhi, nakunukuu: "Mama, Jesca akijifungua Septemba atakuja kwako siku arobaini kama mlivyokubaliana na mama yake. Ila wewe usihangaike kumkanda. Kichwa hiki kina sehemu ya kukanda, unazungusha pete tu, maji yanapigapiga yenyewe. Wewe utapumzika."

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nilimpa Klara asome yeye, labda miwani yangu ina kosa.

Mwanangu, mimi nimekanda wazazi kumi na tisa kwenye mlima huu. Klara mwenyewe, alipojifungua mapacha, aliletwa kwangu hawezi hata kugeuka kitandani, na wiki ya tatu alikuwa shambani anagombana na watu. Kukanda si maji kupigapiga. Ni maji ya moto uliyoyajaribu kwa kiwiko chako kwanza. Ni kitambaa, na mkono juu ya kitambaa. Mkono unajua uchovu umekaa wapi, na uchovu wa mzazi unakaa juu kidogo ya kiuno, upande wa kushoto, niamini. Mkono unajua kama usiku alilia. Ukifika hapo unapunguza, unaongea habari nyingine, unamwambia hata wewe ulilia. Matundu mia mbili yote hayo, lipo hata moja linalojua kuuliza "umelala mama?"

Lakini mimi si mtu wa kuzuia maendeleo. Kama umeamua kichwa ndicho kikande, basi kipewe kazi yote, kisichague. Asubuhi kipike uji wa pilipili manga, kiupoze, kimbembeleze Jesca aumalize. Mtoto akilia kimbebe. Kimwimbie, na kimwimbie Kishambaa, kile cha redio hapana. Siku ya ubatizo nimeshamweleza mchungaji akiwekee kiti mbele, upande wa wazee. Nimekitengea na kitenge, kile cha zambarau nilichokuwa nimejiwekea, kitaenea mara mbili. Wakitangaza "bibi mzaa baba asimame", asinyanyuke mtu mwingine, mtabeba hicho kichwa mkionyeshe watu. Mimi nitakaa nyuma na wageni waalikwa, nitapiga makofi. Mtoto akikua akauliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani, kitamsimulia. Na kikishika kutu kikafa, kizikwe pale pembeni ya baba yako. Ile nafasi nilikuwa nimejiachia mimi, lakini nitakuwa sina tena cheo, nitajitafutia pengine.

6. Hii nilikuwa nayo tangu asubuhi, imenitoka kwa hasira. Ijaze mwenyewe, unajua makosa yako.

7. Kwa hiyo naomba, na kuomba kwangu huku unakujua. Kesho Jumatatu Januari anakuja na spana yake, nimemwita mimi, mkubwa wa kweli. Atakifungua, nitakifunga kwenye hicho kitenge, na Jumanne kitapanda basi la asubuhi kuja kwako. Utakipokea wewe mwenyewe stendi, usimtume mtu. Halafu uchague tena, na safari hii usichukue wiki tatu. Vitu ni viwili tu: chenye matundu mia mbili, na chenye mikono miwili. Ukichagua mikono, basi Septemba mlete Jesca na kanga kuukuu, zile laini, mpya zinakwaruza. Alete na soksi. Miguu yake bado inavimba? Mwambie akilala aweke mto chini ya miguu, asikose kliniki hata siku moja, na asinyanyue ndoo. Ndoo nyanyua wewe, ndiyo kazi ya mabega. Na wewe unakula? Kwenye ile picha shingo yako nimeiona.

Msalimie Jesca sana, na mama yake, na yule mama wa chini anayewauzia maziwa, na mwenzako wa ofisini mwenye kikohozi, umwambie tangawizi. Mjukuu aliye tumboni naye msalimie. Shikamoo yake naipokea mapema, marahaba mpenzi wangu.

Wako katika kukuzaa, na kukulea, na leo kidogo kukujutia,

Mama yako, Esteria
Bibi Aliyesimamishwa Kazi

Nakala: Mzee Ismaili, Kamati ya Maji
Mchungaji, kwa ajili ya kile kiti

Nyongeza, Jumanne alfajiri, basi halijapita.

Januari alikuja jana alasiri na spana. Nikamwambia angoje nje kwanza anywe chai. Nilisema moyoni, mwizi lazima nimtazame usoni kabla hajaondoka. Nikaingia, nikazungusha hiyo pete, kitu ambacho tangu kifungwe sikuwahi kukifanya kwa sababu ya chuki.

Kornelio, kuna jambo sikukuambia. Bega langu la kulia, tangu tuvune viazi mwezi wa tatu, halipandi. Klara ndiye amekuwa akinifunga kilemba, ndiyo maana nimemvumilia na kelele zake. Ndoo nabeba nusu, kwa kushoto. Na mwandiko ule uliopinda, meza haina kosa lolote. Nilikuwa naomba Mungu kila usiku lipone kabla ya Septemba, maana nitamkandaje Jesca kwa mkono mmoja, na nikisema litapona lenyewe halinisikii.

Maji yalikuja ya moto, yakapiga pale pale penye uchungu. Sikuinama, sikujinyanyua. Pale pale. Nilisimama Baba Yetu tatu nzima mpaka ya moto yakaisha. Haikuwa siku yangu, Klara aliita kule juu mpaka sauti ikamkauka, nikamwacha.

Nilipotoka nikamwambia Januari, ulikosea kipimo lakini umekosea vizuri. Akasema hajakosea. Akatoa kikaratasi kwenye pochi, kimechakaa, mwandiko wako. Kuna namba ya sentimita, na chini yake umeandika "bega la mama". Akasema ulimpigia simu mara tatu kuhakikisha asikiweke juu.

Kumbe gauni ndilo hili.

Kwa hiyo Pasaka uliniona na ndoo ya nusu, ukanyamaza. Ukamweka Jesca mbele, kwa sababu ulijua ningeambiwa ni cha kwangu ningekirudisha siku ile ile. Mwongo mkubwa wewe. Sijui ulijifunza kwa nani.

Januari nimempa na viazi vya kuchemsha, nimemrudisha na spana yake. Leo nimejifunga kilemba mwenyewe. Kimekaa upande, lakini nimejifunga.

Malalamiko yote ya juu yabaki kama yalivyo, sifuti hata moja, ila la nne. Na la saba. Basi tupange hivi: chenyewe kinikande mimi, mimi nimkande Jesca. Mzee Ismaili nimemwomba aniongezee na Alhamisi, amesema niandike barua, nitaiandika nikimaliza hii. Kitenge nimekirudisha sandukuni, nitakivaa mimi.

Mleteni Septemba. Mikono itakuwa miwili.