Badi Aingojea Bei ya Sukari Ishuke

Siku redio iliposema sukari imeadimika, tulimkuta Badi kijiweni petu Mambrui, kwenye benchi la mlangoni mwa duka la Kahonzi, kapakata kikapu kitupu. Ijumaa anamwoza bintiye, Kibibi, na mkewe, Shekha, kamtuma sukari ya halwa. Harusi bila halwa hapa petu ni aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Kahonzi alikuwa na gunia moja, bei kaiandika ubaoni kwa chaki. Lakini Badi aliwahi kusoma uchumi jioni kule Malindi, hakumaliza, na tangu hapo twamwita Mchumi.

"Sinunui," alisema. "Bei ikipanda, wanunuzi hukimbia. Wakikimbia, mwenye duka hushika adabu, akashusha. Nangoja."

"Mzee, nunua sasa," alisema Thuku, muuza viazi kutoka bara, tuliyempa jina la Jumla. "Hii kitu ikiisha, utaoza binti na maji ya chumvi."

"Wewe na viazi vyako, uchumi waujulia wapi?"

Nikacheka, nikaketi kando yao. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama.

"Jamani, foleni ya nini?"

"Twangoja bei," Badi akajibu.

"Lo! Hata bei yaadimika?" Akajipanga nyuma yangu. Wakaja wavuvi, wakaja waliotoka msikitini, foleni ikapinda hadi kisimani. Hakuna aliyeuliza tena.

Kahonzi alichungulia, akaona umati, akafuta bei na kuandika nyingine kubwa zaidi.

"Mchumi, imepanda!" nilisema.

"Vyema. Kisichopanda kitashukaje?"

Watu nao, kuona imepanda, wakaamini kesho itakuwa mbaya zaidi. Wakasukumana kununua. Hata Thuku akainuka.

"Jumla, keti! Waniharibia nadharia!"

"Nadharia haikorogwi kwa chai, mzee."

Alipotoka na furushi lake kwapani, nilishindwa kuvumilia. "Badi, ingia basi, wallahi utaaibika!"

"Subira huvuta heri."

"Heri ndiyo hiyo yatoka mlangoni, yabebwa na watu!"

Hakunisikia. Mwishowe Kahonzi alilikung'uta gunia, akaja na kitambaa, akaupangusa ubao wote.

Badi aliruka juu. "Mwaona? Imeshuka! Haikubaki hata tarakimu moja!"

Kwa kweli nilimwonea huruma, maana Shekha alikuwa akija na buibui lake. Alikitazama kikapu, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Kibibi, sukari i wapi?"

"Mke wangu, uchumi una hatua mbili. Ya kwanza ni kuishusha bei, na hiyo nimeimaliza."

"Vyema," Shekha alisema kwa upole uliotufanya sote tutazame chini. "Basi Ijumaa wageni utawapakulia hiyo hatua ya kwanza. Sinia nitakupa mimi."