Malalamiko ya Ukoo Kuhusu Binti Yetu Kupata Kazi ya Kompyuta

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni fundi cherehani, baba wa yule mhitimu wenu mrefu mwenye miwani. Naandika kwa niaba ya ukoo mzima, uliokaa kikao sebuleni kwangu ukanituma niwalalamikie.

1. Binti mlimrudisha hajakamilika. Baba yake mkubwa alimletea pasi iliyoungua, naye akajibu kwa adabu kwamba hakusomea pasi. Mzee alishangaa sana. Kama pasi ina waya na kompyuta ina waya, miaka yote ile alikuwa akisoma nini?

2. Siku ile mliyowaelekeza wanafunzi kuhusu ajira, mliwatajia uundaji wa programu, ulinzi wa mitandao na uchambuzi wa data. Kazi iliyokuwa ikimsubiri nyumbani hamkuitaja. Shangazi yake husahau neno la siri kila mara, ingawa majirani wote amewatajia. Mjomba anataka simu yake ipate nafasi, lakini picha hata moja isifutwe. Shemeji humletea kadi za harusi azichape, zikitoka analalamikia rangi. Yote haya binti ameyafanya bure tangu alipohitimu, na watu hao hao wakimwona wanamuuliza atapata kazi lini.

3. Sasa kaipata, na ni kazi ya kututia aibu. Hospitali moja ya mji wa mbali imemwajiri azilinde kompyuta zake zisizime. Nilimuuliza akifanya vizuri hutokea nini, akasema hakitokei kitu. Mheshimiwa, mzazi atajisifu vipi kwa mtoto anayelipwa ili kusitokee kitu?

4. Anaondoka Jumatatu. Shangazi ameshaanza kulia, maana simu yake imejifunga tangu juzi. Kwa hiyo ukoo unataka mzuie ajira hiyo. Ikishindikana, mfute shahada. Hilo nalo likishindikana, kila muhula mtuletee mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Chumba kipo, friji mbovu ipo, na ndugu wa kumsimamia akiwa kazini ni wengi kuliko viti tulivyo navyo.

Natumaini mtalitazama jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie walimu wote, karani wako, na walinzi wa getini walionipokea vizuri siku ya mahafali.

Wako mwenye kero,
Baba wa Mhitimu, Fundi Cherehani
(kwa niaba ya ukoo)

Tanbihi: Hayo ya juu nimeyaandika ndugu wakichungulia begani kwangu. Sasa wamekwenda kula. Suti ya kuanzia kazi nimemshonea mwenyewe, na kwenye mishono nimeacha kitambaa cha kutosha, maana nataka akae huko mpaka anenepe. Naomba mkatae maombi yetu yote, tena kabla ya Jumatatu. Kataeni kwa maandishi na mpige muhuri, kwa sababu humu ndani mimi hanisikilizi mtu, lakini muhuri wanauogopa.